Kinga si Msamaha

Mwalimu mmoja wa Kilwa Masoko ametuuliza: je, Rais aliye madarakani aweza kushtakiwa kwa kosa la jinai? Na je, neno 'kinga' lililomo katika Katiba ni sawa na 'msamaha'?

Swali la kwanza limejibiwa na ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977: hawezi, maadamu yu madarakani. Madai ni jambo jingine. Kwa alilolitenda binafsi, Rais aweza kudaiwa mahakamani, mradi apewe taarifa siku 30 kabla. Kwa hiyo mfasiri asichanganye 'mashtaka' na 'madai'.

Ama msamaha, umo katika ibara ya 45, nao hupewa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Kinga huzuia kesi tu. Haisemi kwamba mtu ametenda kosa wala hakutenda. Mvuvi wa Kilwa Kivinje ajikingaye mvua bandani hakuizuia mvua kunyesha.

Tena kinga ina mipaka. Rais mstaafu hubaki nayo kwa yale aliyoyatenda kama Rais, lakini huikosa akiwa ameondolewa na Bunge kwa ibara ya 46A. Nayo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haiitambui: tarehe 8 Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta, akiwa Rais wa Kenya, alifika mbele yake mjini The Hague. Mashtaka yaliondolewa Desemba mwaka huo.

Basi, aandikaye 'Rais amesamehewa' badala ya 'Rais ana kinga' amekwisha kumtia hatiani kabla ya kesi.