Kijiji Mlangoni mwa Leba

Mwishoni mwa 1995 Wilaya ya Igunga mkoani Tabora ilichaguliwa kuwa ya kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ule uliozoeleka kwa jina la CHF. Kaya ilichangia mara moja kwa mwaka, Serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa utaratibu uliokuja kuitwa tele kwa tele, na wanakaya wakatibiwa zahanati bila kulipia kila wanapougua. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001, baada ya Igunga kuonyesha njia. Kwa hiyo anayekwenda Tabora leo kuhimiza wananchi washiriki katika afya zao anawakuta watu waliolianza jambo hilo mapema kuliko wengi.

Hata hivyo, katika wilaya nyingi uanachama wa CHF haukufikia matarajio, na tafiti zilirudia kutaja sababu ile ile: mwanachama alifika dirisha la dawa akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje. Wananchi waliitwa kuchangia fedha, kufyatua tofali na kusomba mchanga wa zahanati. Kuhusu huduma yenyewe iendeshweje, wengi hawakuulizwa. Pengo hilo linaumiza zaidi kwenye uzazi kuliko penginepo, kwa sababu mwenye uchungu hana kesho ya kusubiri.

Tabora ni mkoa mpana, zaidi ya kilometa za mraba 76,000, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 3,391,679. Mji wake umekuwa njiapanda tangu enzi za misafara: wapagazi waliotoka pwani walifika Unyanyembe, njia ikagawanyika, wengine wakaelekea Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli iliufikia mwaka 1912. Lakini njia kuu, ya zamani na ya sasa, inaviacha mbali vijiji vya mashamba ya tumbaku ya Kaliua na Urambo na vile vya kandokando ya misitu ya Sikonge. Huko mvua za msimu zinaweza kukata barabara, na bodaboda ndiyo inayobeba kila kitu, mama mwenye uchungu akiwemo.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba vifo vya wajawazito hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hadi leo wataalamu wanatumia mgawanyo huo, na ukiutazama vizuri utaona kuwa aina mbili za kwanza zinatokea mahali ambapo hakuna daktari wala muuguzi. Zinatokea kijijini.

Ya kwanza inaanzia sebuleni. Mama anaumwa kichwa sana, uso na mikono vimevimba, anaona maruweruwe. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Mume yuko porini kwenye mizinga ya nyuki au shambani mbali, fedha za tumbaku hazijalipwa, na mama mkwe anasema yeye alizaa wote nyumbani. Mpango wa kujifungua unaofundishwa kliniki umetungwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Familia inaamua mapema, mimba ikiwa bado changa, ni chombo gani kitamchukua mama, fedha zitatoka wapi, nani atabaki na watoto, na nani yuko tayari kumchangia damu. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 2010, mradi wa TAMANI, ulioendeshwa na shirika la CARE kwa fedha za Serikali ya Canada, uliwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Tabora sambamba na watumishi wa vituo waliofundishwa kukabili dharura za uzazi. Kuwafundisha wote pamoja kulikuwa na maana kubwa. Mhudumu anayemshawishi mama aende kituoni asikokuta mtu wa kumsaidia hatasikilizwa mara ya pili.

Kwa ucheleweshaji wa pili, kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura. Mfumo huo ulianzia Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa. Familia au muuguzi wa zahanati anapiga 115 bure. Mratibu anauliza maswali kwa kufuata mwongozo, anaamua mgonjwa apelekwe kituo gani, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyekwisha kuingia mkataba, mwenye gari lake mwenyewe, na dereva analipwa kwa simu kituo kikithibitisha kuwa mgonjwa amefika. Ushirikishwaji wa aina hii unafanya kazi kwa sababu haumwombi mwananchi afadhili. Unamlipa kwa kile alichonacho.

Takwimu za taifa zinatia moyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kina mama wameitika wito, na kuitika kwao kunaelekeza macho kwenye ucheleweshaji wa tatu, unaotokea ndani ya leba.

Hapo ndipo kadi ya alama za jamii inaposaidia. CARE iliibuni Malawi mwaka 2002, na inaendeshwa hivi. Wanawake wanakaa peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, watumishi wa kituo nao peke yao. Kila kundi linatoa alama: lugha ya wahudumu, faragha, uwepo wa mkunga usiku, dawa na vifaa. Kisha wote wanakutana, alama zinasomwa hadharani, wanaandika nani atafanya nini na lini, na baada ya miezi kadhaa wanapima tena. Utengano wa mwanzoni una sababu. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Binti kama huyo hawezi kusimama mbele ya baba zake kijijini akaeleza alivyofokewa leba. Akiwa na wenzake ataeleza. Na muuguzi aliye zamu peke yake tangu jana naye anapata pa kusemea. Katika wilaya ya Ntcheu, Malawi, utaratibu huu ulipopimwa, wajawazito waliotembelewa nyumbani na wahudumu waliongezeka, na kuridhika na huduma kukapanda.

Upo pia ushirikishwaji unaodhuru. Katika baadhi ya maeneo nchini uongozi umetoza faini waliojifungulia nyumbani, na kliniki nyingine zimemrudisha mjamzito aliyekuja bila mume akalete barua ya mtendaji. Nia ilikuwa njema. Lakini aliyetelekezwa anaiona barua hiyo kama aibu, na anayeogopa faini atamficha hata mtoto mchanga anayehitaji chanjo. Mkunga wa jadi naye, akitishwa, huendelea kuzalisha kwa siri. Akipewa kazi ya kumsindikiza mama kituoni na kukaribishwa kukaa naye, anakuwa msaada mkubwa.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mtaalamu awezaye kulitengeneza: damu. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Tabora ni makao ya Kanda ya Magharibi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kwa miaka mingi wachangiaji wakubwa nchini wamekuwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hushuka. Likizo ya Desemba huangukia msimu wa mvua, barabara zikiwa mbaya na akina mama wakichelewa kufika. Damu nzima huhifadhiwa kwa takribani siku 35 tu, hivyo haiwezekani kuikusanya Oktoba ikangoja Krismasi. Kamati za afya za kata, vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, misikiti na makanisa vinaweza kugawana majuma ya likizo, kila kundi na zamu yake ya kuchangia, ratiba ikipangwa na timu ya damu salama kabla shule hazijafungwa.