Trauti wa Cherangani na Ndugu Yake wa Baharini

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Eldoret hutoka vilima vya Cherangani, kwenye mto Moiben uliozuiwa kwa bwawa la Chebara. Huko juu, katika vijito vya msituni, anaishi trauti wa upinde wa mvua. Je, wajua kwamba ndiye yule yule anayewatoa Wamarekani wa Oregon kitandani alfajiri, theluji ikianguka, wakamfuate mtoni kwa mashua maalumu? Wao humwita stilihedi. Usidhani ni binamu tu: ni spishi moja, Oncorhynchus mykiss.

Kinachowatofautisha ni safari. Trauti asiyeondoka mtoni alikozaliwa hubaki na madoa yake meusi na mstari wa waridi ubavuni. Akishuka baharini, hukaa huko mwaka mmoja hadi mitatu, akala akashiba, kisha akarudi na mgongo wa rangi ya chuma na ubavu wa fedha. Mmoja aliyevuliwa Alaska mwaka 1970 alikuwa na kilo 19. Wa Cherangani hutoshea kikaango kimoja na nafasi ikabaki.

Ajabu ni kwamba vifaranga wa mama mmoja huweza kugawanyika, huyu akaondoka na yule akabaki. Urithi una mchango wake, lakini chakula na baridi ya mto navyo huamua. Anayeondoka huanza kubadilika mwili kabla hajaonja chumvi. Magamba hung'aa, madoa hufifia. Kwenye mashavu yake mna seli ambazo akiwa mtoni hufyonza chumvi kidogo iliyomo majini ili isimwishe mwilini. Sasa kazi hiyo hugeuzwa: chumvi inasukumwa nje. Bila mabadiliko hayo bahari ingemnyausha kwa kiu, naye yumo majini.

Kurudi nako kuna elimu yake. Akiwa bahari kuu huongozwa na sumaku ya dunia, na akikaribia nyumbani huufuata mto wake kwa harufu aliyoizoea utotoni. Samoni wa Pasifiki wakishazaa hufa. Stilihedi anaweza kushuka tena baharini na kurudi mara nyingine. Hata hivyo undugu wao ni wa damu, na ndiyo maana mwaka 1989 wanasayansi walimtoa kwenye kundi la samoni wa Atlantiki walikokuwa wamemweka, wakamhamishia kwa hao wa Pasifiki.

Mbona basi wa kwetu haendi popote? Wengi watajibu kwamba bahari iko mbali. Jibu hilo halinitoshi. Huko Amerika Kaskazini, trauti waliopandikizwa katika Maziwa Makuu tangu karne ya 19 waliligeuza ziwa kuwa bahari yao: hunenepea humo, kisha hupanda mito kwenda kuzaa. Moiben nao humwaga maji yake Nzoia, na Nzoia humwaga Ziwa Victoria, ambalo kwa eneo linalipita Ziwa Michigan. Ukiacha bwawa la Chebara, njia ipo. Kizuizi kikuu ni joto. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Ziwa Victoria huwa na nyuzi 24 na zaidi karibu mwaka mzima.

Joto lina hila nyingine. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 inaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 25 hubeba 8 tu. Hapo tunazungumzia usawa wa bahari. Ukipanda mita 2,500, kanieneo ya hewa hupungua kwa robo hivi, na oksijeni iingiayo majini hupungua vivyo hivyo. Mlima unampa trauti baridi huku ukimnyima pumzi, ndiyo maana huhitaji maji yanayoporomoka kwenye mawe na kuchanganyika na hewa. Kijito kilichokatiwa miti ya kivuli humpoteza upesi. Bwawa lililotulia kwenye jua la uwanda halimfai pia. Chepkoilel, iliyokuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013, mabwawa ya utafiti yamefugiwa tilapia na kambare, samaki wanaopenda maji ya uvuguvugu.

Trauti hakuzaliwa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi maarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Huyu wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye kituo cha Kiganjo, Nyeri, kikawa ndicho kitovu cha kuzalisha vifaranga.

Sasa ile mashua. Ilibuniwa kwa ajili ya mito ya Oregon kama McKenzie na Rogue, yenye kasi na mawe mengi. Chini ni bapa, haina mkuku, na ncha zake mbili zimeinuliwa, hivyo inagusa maji katikati tu na inaweza kuzunguka papo hapo ilipo. Mpiga makasia hutazama anakokwenda, na huvuta kuelekea alikotoka. Anayeanza hudhani makasia ni ya kuongeza mwendo, kumbe ni ya kuupunguza. Mto wenyewe ndio unaokuchukua. Kazi yako ni kuikawiza mashua ili mvuvi aliye mbele apate muda wa kutupa mshipi. Jiwe likitokea, elekeza omo kwenye jiwe lenyewe, kisha vuta kwa nguvu kurudi nyuma kwa mshazari. Mikono hukataa kufanya hivyo mwanzoni.

Mashua hiyo ukiileta Cherangani itakwama kabla ya kona ya kwanza, kwa kuwa vijito vingi unaviruka kwa hatua moja. Lakini kile inachokitafuta, yaani chambo kinachosafiri kwa mwendo wa maji yenyewe, unakipata kwa miguu. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea juu ya mto, akingoja chakula kiletwe. Basi mjie kutoka chini, nyuma yake. Yeye huona nje ya maji kupitia duara la mwanga lililo juu ya kichwa chake, na ukiinama chini vya kutosha, unatoweka kwenye duara hilo. Tupa nzi bandia upande wa juu wa jiwe, aufuate mstari wa povu, kwani linakopita povu ndiko hupita wadudu. Mshipi ukivutwa na mkondo, nzi ataanza kuchora mkwaruzo mwembamba juu ya maji. Trauti akiuona huo, hagusi.

Ulizia leseni ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla hujatoka, na uende miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, maana mvua zikianza maji hugeuka rangi ya chai na samaki haoni kitu. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo, ili unayemwachia asichanike. Lowesha mikono kabla ya kumshika: kiganja kikavu huondoa ule ute unaomkinga na maradhi. Kisha mshikilie kichwa kikielekea mkondo mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe.