“Nadhani Kuna Keki Kwenye Friji!”

Hebu pata picha. Wewe na mwenzi wako mmerudi kutoka kazini, foleni imewamaliza, na kwa kitu kidogo tu sauti zimeanza kupanda. Mtoto wenu yupo kwenye kochi, macho kwenye katuni, masikio yote kwenu. Mara anasema, “Mama, nadhani kuna keki kwenye friji.” Mama anaitikia, anaelekea jikoni kuitafuta. Baba anabaki sebuleni peke yake na hasira zake. Dakika chache baadaye, wote watatu wapo mezani na vikombe vya chai.

Mbinu hiyo inatoka Plum Village, kijiji cha watawa wa Kibudha kilichopo kusini magharibi mwa Ufaransa, upande wa Bordeaux. Kilianzishwa mwaka 1982 na mtawa wa Kivietnam, Thich Nhat Hanh, pamoja na Sista Chan Khong. Mzee huyu hakuwa mtawa wa kujifungia chumbani. Alipigania amani wakati wa vita vya Vietnam, na mwaka 1967 Martin Luther King alipendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Aliishi uhamishoni miaka mingi, akafariki nyumbani kwao Vietnam mwezi Januari 2022 akiwa na miaka 95.

Majira ya joto, shule za Ulaya zikifungwa, kijiji hicho hupokea familia nzima nzima kwa mafungo. Baba, mama, watoto, mahema, chakula cha mboga tupu. Siku nzima wanajifunza kitu kimoja: kuwa pale walipo. Ukila, unakula. Ukitembea, unatembea, huku mkono wa mwanao umeushika kweli na si huku unasoma meseji. Ikilia kengele, kila mtu anasimama alipo, hata mpishi na mwiko wake, anavuta pumzi taratibu mara tatu, kisha anaendelea. (Mume wangu alipoona hiyo video alisema, “Sasa wali si utaungua?” Namjua, alikuwa anatania nusu tu.)

Najua kuna atakayesema, “Haya, mambo ya Wazungu hayo.” Siyo. Miaka ya mwanzo wengi waliokwenda pale walikuwa wakimbizi wa Kivietnam na watoto wao. Na kama wewe ni Muislamu au Mkristo, hakuna anayekuomba ubadili dini. Mtawa mwenyewe alikuwa akiwahimiza wageni warudi kwenye mizizi ya imani zao. Kuhusu kengele, tusidanganyane, sisi tuna adhana na kengele za kanisa tayari. Kilichobaki ni kusimama tu zinapolia.

Watoto wana zoezi lao la kokoto nne. Wanaziokota wenyewe, wanaziosha, wanazitia kwenye kimfuko. Ya kwanza ni ua, maana yake najisikia mpya. Ya pili ni mlima, nipo imara. Ya tatu ni maji yaliyotulia, na ya nne ni anga, nipo huru. Kila kokoto mtoto anaishika mkononi na kuvuta pumzi mara tatu. Hakuna gharama yoyote hapo, kokoto zipo hata uani kwako.

Lakini mimi kilichonikamata ni keki. Si unajua malezi yetu? Mtoto akiwaambia wakubwa “acheni kugombana”, jibu ni “nani kakuuliza?” au kofi kabisa. Kwa hiyo anakaa kimya, anameza kila neno, na kesho yake anakwenda shule nayo tumboni. Keki inampa mtoto sauti bila kumvunjia mtu heshima. Hajamkosoa baba, hajamtuliza mama. Kataja chakula tu! Na wale wawili wanapata mlango wa kutokea bila yeyote kuonekana kashindwa. Mwanamume wa Kiswahili umwambie “tulia” mbele ya mwanae? Thubutu. Ila akiambiwa kuna keki, atafanyaje?

Tukakubaliana nyumbani kwamba neno hilo litatumika, na binti yetu wa miaka saba akapewa ruhusa rasmi. Haikupita wiki mbili. Mada ilikuwa ada ya chuo ya shemeji yangu, mada nzito kwetu kuliko zote, kwa sababu mume wangu ndiye aliyesomeshwa na ukoo na anaona hana haki ya kusema hapana. Mimi nilikuwa na daftari la matumizi mkononi. Binti akatokea na pajama: “Baba, nadhani kuna keki kwenye friji.” Kwenye friji kulikuwa na nusu tikiti na maharage ya jana. Tukala tikiti, kimya kimya, mbegu tunazitema kwenye sahani moja.

Tikiti halilipi ada, bado suala lilikuwepo. Hapo Plum Village wana kitu kingine, mkataba wa amani ambao wanandoa wanausaini wakiwa hawajakasirika. Ukiudhika, husemi wala hutendi la kuharibu zaidi, lakini pia hujifanyi huna hasira. Ndani ya saa 24 unamwambia mwenzio kuwa umeumia, kwa mdomo au kwa kikaratasi, na mnapanga siku ya kuzungumza, kwa mfano Ijumaa jioni. Kwa nini Ijumaa? Mkimaliza, wikiendi yote ni yenu.

Wakikaa, wanaweka ua katikati. Anayeongea analishika, na mwingine hakatizi mpaka lirudishwe. Na unaanza kwa kutaja mazuri ya mwenzio, ndipo uje kwenye maumivu. Usiseme ni rahisi. Mimi naona hapo ndipo pagumu kuliko kukaa kimya saa nzima.

Ijumaa hiyo tulikaa. Ua hatukuwa nalo, tukatumia rimoti ya TV. Alianza yeye, akasema anashukuru kwamba miaka yote sita sijawahi kumsema ndugu yake mbele ya watu. Sikujua kama aliwahi kuliona hilo. Tulipofika kwenye namba ilikuwa saa nne na nusu usiku, na jibu lilikuwa nusu ada, muhula huu na ujao. Simu kwa mama mkwe aliipiga mwenyewe, Jumamosi asubuhi.