Mpangilio wa utando wa seli unavyoamsha kinga ya mwili

KINGA ya mwili hutegemea uamuzi wa seli zisizoonekana kwa macho: je, kilichoguswa ni sehemu ya mwili au ni adui? Uamuzi ukikosewa upande mmoja, virusi hupata mwanya. Ukikosewa upande wa pili, mwili hujishambulia wenyewe, kama inavyotokea katika kisukari cha aina ya kwanza.

Jukumu hilo ni la seli T, chembechembe nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Kwenye utando wa nje, kila seli T ina vipokezi vinavyokagua vipande vya protini vilivyoanikwa na seli nyingine. Vipande vichache tu vya kigeni hutosha kuiamsha.

Hata hivyo, kipokezi chenyewe hakiwezi kuanzisha ishara ndani ya seli. Hutegemea protini zilizo jirani, na ujirani huo huamuliwa na mpangilio wa utando.

Mwaka wa 1972, S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza kuwa utando ni tabaka mbili za mafuta ambamo protini huelea. Mwaka wa 1997, Kai Simons na Elina Ikonen walipendekeza kwamba mafuta hayo yana visiwa vidogo vyenye kolesteroli nyingi, vinavyokusanya baadhi ya protini na kutenga nyingine. Wataalamu wangali wanajadili ukubwa wa visiwa hivyo na muda vinaodumu, maana havionekani kwa darubini ya kawaida.

Mfano mzuri ni CD4, jina linalofahamika kutokana na kipimo wanachofanyiwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. CD4 ni protini ya utando wa baadhi ya seli T, na virusi hivyo huitumia kama mlango wa kuingilia. Kazi yake halisi ni nyingine. Upande wa ndani, CD4 hushika kimeng'enya kiitwacho Lck. Kipokezi kinaponasa kipande cha kigeni, Lck husogezwa karibu na kubandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi. Protini nyingine, ZAP-70, hujishikiza hapo na kueneza ishara.

Mbona basi ishara haianzi ovyo? Utando pia umejaa CD45, protini ndefu inayobandua fosfeti hizo. Kipokezi kinaposhikana na shabaha yake, tando za seli mbili hukaribiana hadi kubaki nafasi ya takriban nanomita 15. Kulingana na nadharia inayoungwa mkono na majaribio mengi, CD45 haitoshei hapo, hivyo husukumwa kando. Fosfeti hubaki, na seli huamka.

Umuhimu wa mfumo huo ulidhihirika mwaka wa 1994, watafiti walipoeleza kuhusu watoto waliozaliwa bila ZAP-70 na kukosa kinga dhidi ya maambukizi.

Maarifa hayo pia yana manufaa katika matibabu. Agosti 2017, Marekani iliidhinisha tiba ya saratani ya damu ambayo seli T za mgonjwa huwekewa kipokezi kilichoundwa maabarani. Waundaji wa vipokezi hivyo hulazimika kuzingatia urefu wake juu ya utando, kwa kuwa kikiwa kirefu kupita kiasi, CD45 hupenya na kuizima ishara.