Unataka Kuandika Riwaya? Usianze na Alamu Ikilia

Wasee wengi wakiamua kuandika riwaya wanaanza hivi: alamu inalia, jamaa anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai. Kufika ukurasa wa tatu bado hajatoka kwa keja! Msomaji naye ashahamia simu yake, na stori uliyokesha ukiandika imeishia hapo.

Cheki vile Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, hapa hapa Kiambu, alifanya kwa Petals of Blood, mwaka wa 1977. Kitabu kinaanza na makarao wakikuja kuchukua watu. Wakubwa watatu wa kampuni ya pombe wameuawa. Nani aliwamaliza? Hapo tayari amekushika. Sasa ndio anakurudisha nyuma miaka 12 kukuonyesha hao washukiwa walitoka wapi. Angeanza na hiyo miaka 12, pengine ungesinzia.

Kwa hivyo kabla uandike, panga vitu vitatu. Kwanza, mtu wako anataka nini? Pili, ni nini kimeharibika leo, si jana wala kesho? Tatu, ni swali gani unamwachia msomaji?

Tuseme mtu wako ni makanga wa mathree ya Thika. Usituambie alizaliwa Makongeni na akasomea wapi. Anza akiwa mlangoni, Ruiru, saa nne usiku. Ameahidi mathake atalipa rent kesho asubuhi. Anahesabu doo, anapata hata ya mwenye gari haijafika. Abiria wa mwisho anashuka, gari inang'oa, na hapo kwa kiti cha nyuma kuna begi. Kufika Juja ashaifungua. Ni noti za thao tupu.

Umeona? Anataka rent, hesabu imekataa, na sisi tunataka kujua: atarudisha ama atanyamaza? Stori ya Makongeni itaingia tu baadaye, akipita mtaani na hiyo begi mgongoni akiogopa kila mtu anayemjua.

Lakini chunga. Hilo swali la kwanza ni deni. Ngũgĩ alilipa lake karibu na mwisho wa kitabu. Wewe ukikosa kulipa, msomaji atahisi umemchezea. Kwa hivyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, jua jambo moja: hiyo begi ni ya nani?