Mwana wa Wavuvi Aliyedai Ardhi ya Wazee Wake

Katika pwani ya magharibi ya Kanada, karibu na mahali mto Nass uingiapo baharini, ndipo penye nchi ya Wanisga'a, watu ambao tangu kale riziki yao ni samaki aina ya samoni. Huko, katika kituo cha wavuvi kiitwacho Nass Harbour, alizaliwa Frank Calder tarehe 3 Agosti, 1915.

Alilelewa na chifu mmoja wa kabila hilo, na tangu utotoni alisikia habari ya ardhi. Serikali ilikuwa imeitwaa pasipo mkataba wala malipo. Mwaka 1887 wazee walisafiri hadi mji wa Victoria kudai haki yao, wakarudi mikono mitupu. Tena toka 1927 hata 1951 sheria ilikataza wenyeji kuchanga fedha za kudai ardhi.

Kijana Calder alipelekwa shule ya bweni mbali na kwao, na mwaka 1946 akamaliza masomo ya dini katika chuo kikuu. Lakini hakuwa kasisi; aliingia katika siasa. Mwaka 1949 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la British Columbia, naye ndiye wa kwanza wa wenyeji walio chini ya sheria ya makabila kupata kiti cha namna hiyo katika Kanada. Mwaka 1972 akafanywa Waziri.

Hata hivyo kazi yake kubwa ilikuwa mahakamani. Mwaka 1967 Wanisga'a, yeye akiwa Rais wa baraza lao, waliishtaki serikali. Walishindwa, wakakata rufani, wakashindwa tena. Tarehe 31 Januari, 1973, Mahakama Kuu ya Kanada ilitoa hukumu. Majaji watatu walisema haki ya Wanisga'a ingali hai. Watatu walisema imekwisha. Wa saba aliitupa kesi kwa kuwa hawakupata kwanza idhini ya kushtaki. Basi walishindwa kwa hesabu. Lakini majaji sita walikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki katika ardhi kabla ya Wazungu kufika, na mwaka ule ule serikali ikakubali kuzungumza na makabila.

Mwaka 1979 Bwana Calder alipoteza kiti chake kwa kura moja tu. Mazungumzo hayakukoma. Mkataba ulianza kutumika tarehe 11 Mei, 2000, ukawapa Wanisga'a kilomita za mraba zipatazo 2,000, pamoja na haki katika samaki wa mto wao. Alifariki tarehe 4 Novemba, 2006, akiwa na miaka 91. Wazee wa 1887 hawakuyaona matunda hayo, yeye aliyaona.