Mama, Usidharau Majani

Umepata kumwona mtoto ambaye mchana anacheza vizuri, lakini jua likizama nyuma ya milima ya Uvira anaanza kujikwaa na kupapasa ukuta? Usiseme ni mzembe, wala usiseme amerogwa. Yamkini macho yake yamekosa vitamini A. Mlete hospitali upesi, kwa maana asipotibiwa anaweza kuwa kipofu kabisa.

Pengine kinga ya mtoto huyo iko karibu na mlango wa nyumba yake. Sombe iko shambani, matembele yako kando ya njia, lengalenga zimeota zenyewe nyuma ya jiko. Watu huziita chakula cha maskini, na mtu akipata fedha kidogo huziacha. Hapo anakosea.

Fikiri juu ya jembe. Likiachwa nje kwenye mvua, hewa na maji hulila, nalo hupata kutu. Mwilini mwetu pia, tunapovuta pumzi na kutumia chakula, na zaidi tukiugua au kuvuta sigara, hutokea vitu vidogo vikali vinavyoharibu viungo kama kutu. Vikizidi, huchochea uvimbe wa ndani. Majani yana walinzi wa kuvipinga: vitamini C, karotini, na vitu vingine viitwavyo polifenoli. Karotini ina rangi ya manjano. Huioni kwa sababu kijani huifunika. Mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Lakini mpishi anaweza kuwapoteza walinzi hao. Kwa hiyo shika mafundisho haya:

1. Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata. Maji ya ziwa na ya mito yetu yanaweza kuleta kipindupindu.

2. Twanga sombe mpaka ilainike, kisha ichemshe sana bila kifuniko. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga huifungua, nayo hutoka pamoja na mvuke.

3. Moto huo mrefu huharibu vitamini C. Basi kula embe, papai au ndimu pamoja na sombe. Na siku nyingine pika lengalenga au matembele kwa muda mfupi.

4. Tia mawese. Karotini haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta, na mawese yenyewe yana karotini. Usiyachome mpaka yawe meupe. Wekundu ukiondoka, karotini imeondoka.

5. Ongeza ndagala au maharagi. Majani peke yake hayatoshi kumjenga mtoto.

Labda utauliza: "Je, si afadhali ninunue vidonge vinavyosifiwa sokoni?" Sikiliza habari ya Ufini, nchi ya kaskazini ya Ulaya. Huko madaktari waliwachunguza wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 kwa miaka 5 hadi 8. Baadhi yao walipewa vidonge vya karotini, kwa tumaini la kuwakinga na kansa ya mapafu. Mwaka 1994 matokeo yalitangazwa: waliomeza karotini walipata kansa hiyo zaidi kuliko wengine. Basi, kinachofaa ndani ya chungu huenda kisifae ndani ya chupa.

Lakini usichanganye mambo. Vitamini A ambayo muuguzi humpa mtoto mdogo kwa wakati wake ni njema, usiikatae. Wala mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa kutumaini mboga. Majani ni chakula, si mganga. Hulinda, lakini hayaponyi kila ugonjwa.

Kwa hiyo, mama, leo unaporudi kutoka shambani usiyapite majani. Yachume. Na giza likianza kuingia, mwite mtoto wako aje kwako, umtazame: je, anaiona njia?